Nani Atampeleka Makena Kanisani?

Jumatatu, 8 Septemba

Nimekamatwa. Mimi! Tulikuwa tunatoka ushirika wa kanisa Anoka, huku ughaibuni, mimi na Solomon, mwenyekiti wa kamati ya harusi, kila mtu na gari lake. Akanipita huku akinipungia mkono. Kunipungia! Nikakanyaga mafuta. Nilimpita, tena sana, halafu nikaona nyuma yangu taa nyekundu na bluu.

Nikaonyesha adabu niliyolelewa nayo. Nilishuka, nikamwendea afande kwa tabasamu, mikono miwili mbele nimsalimie. Mtu mzima anakujia kwa miguu nawe umekaa tu, si dharau hiyo? Akanipigia kelele nirudi garini. Nikadhani hajaniona vizuri, nikaongeza hatua. Wueh! Kelele zikazidi. Sijui nilimkosea wapi. Nimepewa na karatasi.

Jumanne, 9 Septemba

Mke wangu Nkirote, nesi, amesoma karatasi mara mbili. Anasema hii si faini ya kulipa nikaenda zangu. Ni kosa la jinai: kuendesha ukijua ni hatari, bila kujali. Naweza kufungwa hadi siku tisini! Nikamwambia mimi nilijali. Nani alijali kumpita Solomon kuliko mimi? Akanisihi nisije nikayasema hayo kortini.

Na Makena anaolewa tarehe 27. Ni binti wa marehemu kaka yangu. Nilimwahidi kaka, akiwa kitandani, kwamba siku ya harusi nitampeleka kwa gari mimi mwenyewe hadi mlangoni mwa kanisa. Solomon ameshaandikia kamati kwamba gari lake liko tayari kwa lolote. Mnafiki.

Jumatano, 24 Septemba

Kortini. Wakili wangu, Bi. Lois, alikuwa amepatana na waendesha mashtaka: kosa lipunguzwe, leseni nibaki nayo, mradi nifunge mdomo. Alinikumbusha mara tatu. Lakini jaji akauliza kama nina la kusema! Mkubwa akikuuliza, unanyamaza? Nikaeleza kwamba sikuwa peke yangu, tulikuwa wawili tukishindana kindugu, na shahidi wangu ni yule pale nyuma. Nikamwonyesha Solomon, aliyekuja kusikiliza kesi. Bi. Lois akafunika uso.

Kumbe huku kushindana barabarani ndilo kosa lenyewe, hata usipozidisha spidi inayoruhusiwa! Nilipogeuka, kiti cha Solomon kilikuwa kitupu.

Leseni imekwenda siku thelathini. Sielewi kabisa. Aliyesema ukweli amepoteza, aliyetoroka ndiye atampeleka Makena. Nimelia garini, Nkirote akiendesha.

Jumamosi, 27 Septemba

Makena aliniomba nikae mbele, kando ya Solomon, ili ahadi niliyompa baba yake isianguke yote. Mtoto ana moyo. Nilinyamaza kutoka New Hope hadi karibu na Hopkins. Kisha lori la takataka likatuziba, na saa zinakwenda! Nikamwambia Solomon anaogopa. Nikamwambia hata Nkirote angelipita. Solomon akalipita kwa kasi. Nakiri, alilipita vizuri.

Taa nyekundu na bluu.

Makena akanililia: Uncle, please, usishuke. Solomon akanishika koti. Lakini Solomon hajui kuongea na wakubwa, na mimi nina uzoefu. Nikashuka, mikono mbele.

Nkirote, aliyekuwa akitufuata, alimchukua Makena na kumfikisha kanisani. Solomon alibaki na karatasi yake. Mimi nilibaki ukingoni mwa barabara, mikono juu ya boneti, nikisikia kelele zilezile.

Nimefikiri sana. Kosa langu nimeliona: sikutabasamu vya kutosha.