Migomba Yangu Haijawahi Kuvuka Mpaka

Kwa Mkuu wa Takwimu,
Kampuni inayonunua ndizi zetu,
Huko Ulaya.

Mheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Taveta, Kenya, hapa mpakani na Tanzania. Mimi ni Tryphena Mutindi, mkulima wa ndizi ambaye kompyuta yenu imemfuta kwenye orodha ya wauzaji. Ujumbe ulisema kila jioni naonekana Tanzania, kwa hivyo ndizi zenu nazitorosha. Sasa ndizi zimekomaa, na lori lenu limepita langoni kwangu bila hata kupunguza mwendo. Limeniuma sana jambo hili, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi siendi Tanzania, ni simu yangu mnayoifuatilia inayokwenda. Hapa kwangu ukitoka jikoni kuelekea chooni, mtandao wa Tanzania unakupokea na kukukaribisha nchini kwa heshima zote. Kompyuta yenu imehesabu haja zangu zote kuwa biashara ya kimataifa.

2. Bi Moureen wa ofisi yenu ya Voi alisema ananiamini, ila hana ruhusa ya kubishana na kompyuta. Akaja kujionea mwenyewe. Nikampikia, akala, akaenda chooni na simu yake. Kesho yake kompyuta ikamsimamisha kazi. Maskini, na alikula kidogo tu.

3. Ikiwa kompyuta haikosei, basi migomba yangu huingia Tanzania jioni na kurudi asubuhi bila karatasi yoyote. Naomba muiombee pasipoti. Ule ulio karibu na choo, kwa kuwa unaishi huko moja kwa moja, upewe ubalozi. Samadi nitautilia mimi.

4. Pasipoti zikichelewa, usogezeni mpaka upite nyuma ya choo changu. Watu wa Holili, upande wa Tanzania, ni waungwana, hawatakataa, bora tu waambiwe mapema.

Mimi ni mwaminifu, na hakuna ndizi yangu iliyowahi kuliwa ng'ambo ya mpaka. Nirudisheni kwenye orodha kabla hazijaiva, maana msimu huu ndio tegemeo langu.

Wasalimieni wote hapo ofisini, pamoja na kompyuta. Iambieni sina kinyongo nayo.

Ni mimi mkulima wenu,
Tryphena Mutindi

Tanbihi: Mkikubali, lori lisije wiki hii. Ndizi zote amechukua Saadiya wa Holili, mteja wangu wa jioni tangu kabla sijawajua ninyi. Hiyo kompyuta akili inazo, tafadhali msiiongezee.