Maoni Yote Yatoke Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa stoo anaondoka! Hatimaye. Mzee wa watu amekalia kile kiti chenye magurudumu mpaka kimechukua umbo lake. Sasa ni zamu yangu mimi, karani wake. Nani mwingine katika kiwanda hiki cha magodoro anaweza kutofautisha inchi nne na inchi sita kwa kulalia tu?

Meneja katutangazia asubuhi: cheo atampa mtu mwenye mawazo. Kwenye ukurasa wa kiwanda kuna mahali pa kubofya, pameandikwa Tuma Maoni. Asiye na kompyuta atumie ile ya pamoja, iliyoko kantini. Meneja atasoma yote mwenyewe, na Ijumaa atamtaja mkuu mpya.

Mpinzani nina mmoja tu: Bi Tepu, mkaguzi wetu, anayeshinda na tepu ya kupimia shingoni. Hana makuu, hana maneno mengi. Watu wa namna hiyo ni hatari sana.

Jioni nikamwambia mke wangu cheo nimeshapewa. Kupewa nitapewa tu, kwa nini nimcheleweshee furaha? Bahati mbaya akampigia simu mama yake papo hapo. Mama mkwe anakuja Jumapili kunipongeza. Huyu ndiye aliyemwambia binti yake, wakati wa uchumba wetu, kwamba haraka ya nini.

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa mbele ya kompyuta ya kantini kutafuta wazo. Halikuja. Nikala, nikarudi. Bado! Nikaenda stoo kujinyoosha kidogo kwenye inchi sita, ili akili ipate hewa. Nikaota nimechelewa kazini.

Kuamka, wenzangu wamejipanga foleni kwenye kompyuta. Mshonaji kaandika. Mlinzi kaandika. Hata dereva wa lori, ambaye kusaini tu ni shughuli, kajaza ukurasa mzima ulimi ukiwa nje. Na mawazo yote hayo yanapotea bure! Yanatoka kwenye anwani ya pamoja, hayana jina la mtu.

Hayana jina. Yaani hayana mwenyewe! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Akili ni mali! Mtu akibofya Tuma Maoni, kompyuta hufungua programu ya barua pepe iliyowekwa kuwa ya msingi. Nimesoma mtandaoni jinsi ya kuibadilisha. Asubuhi nikawahi kantini kabla mpishi hajawasha jiko, nikaingia kwenye mipangilio, nikaiondoa programu ya pamoja, nikaweka nyingine yenye akaunti yangu. Sasa yeyote atakayebofya, barua yake itatoka kwa jina langu. Jina lenyewe liko juu kabisa, kwa maandishi madogo. Na nani husoma maandishi madogo?

Wakati wa chakula nikasimama kuwatia moyo wenzangu. Nikawaambia waandike bila woga, hakuna atakayejulikana. Mshonaji akauliza, je, hata ukweli mtupu? Nikamwambia huo ndio hasa unaotakiwa. Wakanishukuru. Roho ikanisuta kidogo, nikaagiza chai, ikaacha.

Alhamisi, 6 Machi

Foleni mpaka mlangoni! Sikuwahi kudhani kiwanda kina akili nyingi hivi. Hata Bi Tepu kaandika. Kaandika, kafuta, kaandika tena, kisha akarudi kwenye magodoro yake. Nikacheka peke yangu. Adui yangu ananifanyia kazi!

Ningeweza kuyasoma maoni yangu kabla ya meneja. Lakini kompyuta haikupata nafasi, na mimi si mtu wa kusukumana. Isitoshe, mkuu hasomi kila kitu.

Nimekutana na meneja kwenye ngazi. Kanitazama kwa muda mrefu, akasema hakujua kama nina mengi hivyo moyoni. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nyumbani shati jeupe limeshafuliwa na kupigwa pasi. Mama mkwe kanitumia salamu, kaniita Mkuu. Siku zote huwa naitwa "yule."

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu!

Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango, akaanza kunisomea maoni yangu. Kwa sauti. Eti mimi nimeandika kwamba choo cha wafanyakazi hakina mlango, wakati chake kina kioo na sabuni ya kunukia. Eti meneja huitisha mikutano ili asikie sauti yake. Eti lori halina breki, basi siku moja aendeshwe yeye kwenye ule mteremko. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi.

Kisha akasoma hili: karani wa stoo hulala kwenye magodoro kila akishashiba, na kuna wateja wanaouziwa umbo lake. Kwa jina langu! Na jingine: ukuu wa stoo apewe Bi Tepu, karani asipewe hata funguo. Hilo, kasema meneja, nimelirudia mara nyingi mno, naonekana nina hakika nalo.

Ningefanyaje? Nikikana, nitaulizwa yamefikaje kwenye jina langu. Nikasema ndiyo, yote ni yangu.

Meneja akaegemea kiti. Akasema alikuwa amekwisha kunifukuza moyoni mwake, ila kuna wazo moja lililoniokoa: magodoro yapangwe kwa tarehe, ya zamani yatoke kwanza, yasiozee nyuma. Wazo zuri kuliko yote. Nilimjua mwenye wazo mara moja, yule aliyeandika, akafuta, akaandika tena. Nikasema asante.

Akainuka, akanishika mkono. Hajapata kuona mfanyakazi anayejishtaki mwenyewe. Breki zitatengenezwa, mlango wa choo utawekwa. Na kuhusu ukuu wa stoo, ameamua kuufuata ushauri wangu.

Bi Tepu!

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe alifika akiwa amevaa nguo zake za heshima. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Nikaona sina pa kukimbilia, nikamwambia: nilimshauri meneja cheo ampe mwingine, naye akanikubalia. Ni mara yangu ya kwanza kumwambia mama huyu ukweli mtupu, na hakuamini hata neno moja.

"Njia ya mwongo fupi, mwanangu," akasema, akavuta sahani yake.

Mke wangu alingoja mpaka mama yake alipoondoka. Ndipo akaniuliza taratibu, "Baba watoto, wewe na ukweli mna ugomvi gani?" Niliona aibu, aibu kweli. Nikalala mapema.

Jumatatu, 10 Machi

Bi Tepu yuko kwenye kiti. Tepu bado iko shingoni. Kaniomba kwa adabu niirudishe ile programu ya barua pepe ya pamoja, kwa kuwa watu wamegundua jina langu juu ya barua zao na sasa wananinunia. Mshonaji hanijibu hata salamu. Nikasema naam, Mkuu, nitairudisha leo hii.

Lakini mkuu wa usafirishaji naye anahama! Meneja anataka maoni tena. Na kwenye kompyuta ile ile nikakuta Bi Tepu amesahau kuifunga akaunti yake. Je, hiyo si bahati? Kosa la juzi nimeligundua: jina lilikuwa langu. Safari hii nimeiweka akaunti yake kuwa ya msingi, nikabofya, nikaandika kwa niaba yake kwamba karani wa stoo ni hodari, mkweli, na siku hizi hasinzii hata kidogo. Nimesoma mara mbili. Sijawahi kusifiwa vizuri hivi na mtu yeyote.

Chini nikaweka jina langu kamili na saini, maana barua isiyo na jina hupotea bure. Nimeshatuma.