Barua Kali ya Friji

Jumatatu, 6 Mei

Friji limekufa. Tena afadhali lingekufa kabisa. Hili linapasha moto. Leo mke wangu ametoa juisi ikiwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Wiki sita tu tangu tulinunue! Wateja wake, wale wanaogonga dirishani kutaka juisi baridi na barafu, wameanza kuhamia mtaa wa nyuma. Na hiyo ndiyo biashara yake yote.

Nimepiga simu dukani. Wamesema malalamiko hupokelewa kwa maandishi, kwa Kiingereza, kwa meneja. Nikafurahi kimoyomoyo. Miezi mitatu nasoma Kiingereza cha jioni na watu wanauliza kitanifaa nini. Mke wangu akasema afadhali aandike kaka yake, yule wa ofisini. Shemeji! Mtu aliyeandika barua moja ya kuomba likizo akajiona balozi! Nimekataa katakata. Mke wangu kanipa wiki moja tu.

Jumanne, 7 Mei

Bahati iliyoje! Leo mwalimu amefundisha barua za kulalamika. Taja tatizo, taja unachotaka, taja siku. Basi. Nikauliza salamu tunaweka wapi. Akasema hatuweki. Darasa zima liliguna. Unaingiaje kwa mtu bila hodi? Mwalimu bado kijana, huenda hakulelewa na bibi.

Nimeandika kurasa tatu. Wa kwanza nimemjulia hali meneja, mama watoto, watoto, na mama yake mzazi. Wa pili nimeeleza kwamba sisi huku hatujambo isipokuwa goti langu, kisha nikasifu jengo lao na mlinzi anavyofungua mlango kwa heshima. Friji limeingia mstari wa tatu kutoka mwisho wa ukurasa wa tatu, polepole, ili asishtuke. Maneno kumi na manane mazito kutoka kwenye kamusi. Nimeyahesabu.

Jumatano, 8 Mei

Mwalimu amesahihisha. Kalamu nyekundu imefagia karibu zote tatu! Zimebaki sentensi tatu, ya nne kaongeza yeye: fundi aje kabla ya Ijumaa, tarehe 17. Amesema Kiingereza changu kimeboreka sana, ila barua ya malalamiko siyo ziara.

Karatasi yake ya sentensi nne nimeitupa juu ya kabati. Nikanakili barua yangu upya kwa mwandiko mzuri, nikaongeza na salamu kutoka kwa shemeji, ambaye sikumwambia. Nimeipeleka mwenyewe. Mlinzi alinifungulia mlango kwa heshima.

Jumamosi, 11 Mei

Jibu! Meneja mwenyewe kapiga simu, anataka kuniona. Nikavaa shati la harusi. Nikamwambia mke wangu aanze kugandisha maji kichwani.

Nimekuta barua yangu ukutani juu ya kaunta, ndani ya fremu. Ukurasa wa kwanza na wa pili. Wa tatu haukutosha. Mimi ndiye Mteja Mwema wa Mwezi! Wamenipiga picha nimeshika zawadi yangu, kalenda. Meneja alinipa mkono, machozi yanamlengalenga. Akasema tangu afungue duka hakuna mteja aliyewahi kumuulizia mama yake. Nilitaka kutaja friji. Nikaona nitamharibia siku. Nikamkaribisha nyumbani.

Mke wangu ameuliza kama kalenda inagandisha barafu. Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Jumatatu, 13 Mei

Dirisha halikugongwa hata mara moja. Mke wangu kakaa pale tangu asubuhi, mikono mapajani, anatazama njia. Imeniuma. Sikujua inaweza kuniuma hivyo.

Nikakaa mezani kuandika barua kali. Kali kweli! Neno la kwanza lilikuwa kali mpaka nikaangalia nyuma. Halafu nikakumbuka yale machozi ya meneja. Nikaanza upya, na mama yake. Kufika saa tisa nilikuwa na kurasa nne. Mke wangu akaja nyuma yangu kuuliza nimefikia wapi. Nikamjibu kwamba ndiyo kwanza niko kwa shangazi wa meneja.

Akavuta kiti, akapanda, akawa anapapasa juu ya kabati. Sikumuuliza anatafuta nini. Nilikuwa na kazi.

Jumatano, 15 Mei

Mafundi wawili wamekuja! Wamelala sakafuni nyuma ya friji, wakasema gesi imevuja, wakaziba, wakajaza. Kufika alasiri kulikuwa na barafu.

Nilipowashukuru kwa kuisoma barua yangu, mmoja akauliza kama mimi ndiye mume wa yule mama wa sentensi nne. Kumbe! Jana amenakili ile karatasi ya mwalimu herufi kwa herufi, akatia sahihi yake, akasimama kaunta mpaka wakagonga muhuri. Chini ya fremu yangu! Mwanamke asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji!

Jioni alikuwa dirishani anacheka na wateja. Foleni ilifika getini. Nimefurahi, naandika bila aibu.

Ijumaa, 17 Mei

Nimelitafakari jambo hili siku mbili. Sentensi nne haziwezi kumtoa fundi dukani. Haiwezekani. Barua yangu ndiyo iliyomlainisha meneja, mke wangu akaja kumalizia tu. Nimemweleza hivyo, taratibu, kwa mifano. Akafunga dirisha ili acheke vizuri.

Shauri yake. Nimebandika tangazo getini: Barua kali za Kiingereza zinaandikwa hapa. Mteja wa kwanza kaja kabla gundi haijakauka, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Bomba limepasuka mlangoni kwake, leo siku ya nne, na ofisi ya maji haijatuma mtu. Maji yameshaanza kuingia kwenye vitambaa vya wateja. Ameniomba sana niwahi.

Nimewahi. Niko ukurasa wa tano, namalizia kuwaulizia wajukuu wa mkurugenzi.