Kompyuta Iliyogoma Kusema Tosha

Jumatatu, 18 Mei 2015

Leonia, mke wangu,

Wameingia wageni wengine kutoka Kagunga, wakimbizi wa Burundi. Watu wa Ujiji wameleta maharage mpaka stoo ya misaada imejaa. Mungu awabariki! Telesphory, tunayejitolea naye, anapima kwa kopo, anahesabu kwa Kiha kama yuko mnadani. Ijumaa Bi Saumu, mkuu wa misaada, atachagua msimamizi wa stoo. Nakitaka kiti hicho. Tangu uondoke nyumba imekuwa kimya mno. Nataka mahali ambapo watu wananisubiri asubuhi. Nina mpango!

Jumanne

Nimeandika programu, kama alivyotufundisha Mwalimu Castory wa darasa la kompyuta. Kopo moja ni kilo 0.1. Ukimimina, unabonyeza. Kompyuta inajumlisha, inaandika ONGEZA. Jumla ikiwa sawasawa na kilo moja, inaandika TOSHA. Telesphory kauliza kwani vidole vyangu vimekwenda wapi. Wivu!

Jumatano

Balaa. Kopo la kumi: ONGEZA. La kumi na moja: ONGEZA. Nikamwambia Telesphory asibishane na mashine. Akamimina huku anacheka, mpaka gunia likabaki nusu. Mama Yunisi, mgeni mwenye mapacha mgongoni na kifuani, akaniuliza kama kweli nina hakika, baba. Nikamjibu kompyuta haikosei. Foleni ikapiga kelele: wao watakula nini? Bi Saumu akaja akaizima kompyuta.

Mama Yunisi akarudisha yote yaliyozidi, akasema urakoze, asante. Alikunja kiganja kama wewe ulipokuwa ukipima chumvi. Nikageukia ukutani kidogo.

Alhamisi

Mwalimu Castory kanieleza. Kompyuta haiwezi kuiandika 0.1 kikamilifu, inakata mkia wake. Kumi zikijumlishwa hazifiki moja kamili, zinapungua kwa kiasi kidogo kuliko unywele. Kopo linalofuata linairuka moja, basi haikomi. Kasema nihesabu makopo mazima, na nisiiulize kamwe kama ni sawasawa. Mtu mwema! Nimempelekea samaki, migebuka ya mwaloni Katonga.

Ijumaa

Telesphory ndiye msimamizi. Kanikumbatia mbele ya watu, kasema mzee mwenzangu, Jumatatu njoo upime mafuta, kwa kikombe, bila mashine. Nina mahali pa kwenda! Nashukuru, Leonia, nashukuru sana.

Nimefikiri jioni nzima nikaliona kosa. Ni maharage! Punje hazilingani. Mafuta hayana punje. Kikombe cha lita 0.1, vitatu kila kaya, TOSHA ikifika sawasawa 0.3. Kompyuta nitaificha chini ya meza.

Huko uliko, unikumbuke.