Hesabu za Kuruka Ngoro

Jumatatu, 14 Aprili
Dada Asteria amepiga simu kutoka Songea. Anakuja Pasaka. Kama binti yake Vitalia, tunayemlea hapa, bado hajui kuhesabu hadi ishirini, anamchukua akasome chekechea huko. Mtoto ana miaka mitano. Ndiye mtu pekee humu ndani anayenisikiliza. Nina shahada ya ualimu, ajira bado naisubiri, na Mama hukumbuka jina langu maji yakiisha. Vitalia haendi popote!

Hedwiga, jirani yetu wa bondeni, kashasikia. Eti mwanawe Isidori anafika mia akiwa usingizini. Nimechoka kabla sijaanza.

Jumanne, 15 Aprili
Mtoto mdogo hujifunza hesabu kwa mwili mzima. Nilisoma hivyo chuoni, nikaamini. Nikachora namba uani kwa mkaa, arukie ninayoitaja. Mvua. Tukahamia ndani: arushe maharage kwenye sufuria huku akihesabu. Alifika tisa. Mama akaja, akaongeza maji, akabandika jikoni. Tumekula somo.

Jumatano, 16 Aprili
Nimeamka na jibu. Ngoro! Shamba letu lote mlimani ni mashimo yaliyopangwa mraba kwa mraba, na kati yake matuta ya maharage. Nani ana ubao mkubwa hivyo? Vitalia aliruka mashimo matatu. Nikamwambia aongeze mawili. Akaruka, akatua, akapiga kelele kwamba ni tano. Tano! Hedwiga akauliza kutoka chini kama tunafukuza nyani.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili
Nilimwalika Isidori, mama yake aone tofauti ya kuhesabu na kukariri. Akamwaga mia yake yote bila kupumua, kisha akashindwa kutoka shimo la nne kwenda la saba. Raha iliyoje! Bahati mbaya alikuja na watoto wa kitongoji kizima.

Jioni Mama akarudi kutoka usafi wa kanisa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba akiwa ameangalia shamba. Matuta yamelala, na maharage yaliyoanza kuchipua yamelala nayo. Alisema tu kwamba yale matuta aliyapanga yeye, na mgongo bado unamuuma.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Leo jembe haligusi ardhi. Mvua haikuambiwa. Maji yalipita palipobomoka, yakasomba udongo hadi bustani ya Hedwiga. Akamtuma Isidori aje kutushukuru kwa mbolea.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili
Kutwa tumeinua matuta, mimi na Mama. Vitalia amepigwa marufuku kukanyaga shamba. Nikamwomba ahesabu akiwa ameketi. Akanitazama kama niliyemwambia aimbe bila mdomo. Nimekwisha.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili
Asteria alitukuta kanisani. Sakafu ina vigae vipya, mraba kwa mraba. Ningemfunga mtoto macho! Watu walipojipanga kutoa sadaka, Vitalia alichomoka, akaruka kigae kwa kigae, akihesabu kwa sauti iliyoipita kwaya. Aliishia mbele ya altare, ishirini na sita. Mama alijifunika kitenge. Mimi nilikuwa nimesimama. Nadhani nilipiga makofi.

Nyumbani Asteria alinikumbatia. Alisema kumwacha kijijini mtoto mwenye akili hizi ni dhambi. Wanaondoka kesho.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili
Walipanda basi asubuhi. Vitalia alihesabu ngazi za mlangoni: tatu. Sikuwa na la kusahihisha.

Alhamisi, 24 Aprili
Asteria amepiga simu, hoi. Chekechea, Vitalia anaruka kutoka meza hadi meza. Mwalimu amesema akiendelea hivi wiki nzima, arudishwe kwa bibi yake. Kwa hiyo ananiomba mimi, mama yake mdogo, nimwonye. Akampa simu. Vitalia akaniamkia vizuri. Nikamwambia, kwa upole, kwamba kuruka meza moja moja ni kwa wanaoanza. Sasa aruke mbili mbili.