Kompyuta Mpya na Uso wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Kompyuta mpakato mpya, ya kazi, moja tu kwa idara nzima ya mauzo, na aliyekabidhiwa ni mimi. Mkurugenzi mwenyewe kaniwekea mikononi. Akasema Ijumaa niitumie kuonyesha vitanda vyetu mbele ya kamati ya ununuzi ya hospitali. Kamati ikikubali, vitanda mia mbili vinaondoka ghalani. Vikiondoka, nafasi ya mkuu wa mauzo ni yangu. Hilo la mwisho hakulitamka. Nililisoma usoni mwake.

Tai hakupiga makofi. Huyu ni mwenzangu wa meza ya pili. Jina hilo tumempa kwa sababu hata joto liwe kali namna gani, havui tai shingoni. Mimi nadhani linamfaa zaidi kwa maana ya yule ndege, kwa anavyozunguka juu ya nafasi za watu. Alisema tu, hongera, itunze. Sauti ya mtu anayeumwa jino.

Maoni ya kwanza: nyepesi kama sinia. Mfuniko unafunguka kwa kidole kimoja. Nimeufungua mara kumi na nne, nne kati ya hizo Tai akipita. Herufi zinawaka taa kwa chini. Chaji inakaa kutwa. Tena inamtambua mwenyewe kwa uso! Unaitazama, inafunguka.

Kasoro zipo, ndogo ndogo. Matundu ni mawili tu, membamba kama macho ya mtu mwenye usingizi, na flashi yangu haiingii. Feni yake inavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga chafya halafu anaghairi. Na kamera ilionyesha giza tupu. Nikampigia fundi wa kompyuta wa ofisi, nikamfokea kuhusu kuletewa vitu vibovu. Akanishauri nisogeze kifuniko cha kamera. Nikamwambia nilikuwa nampima.

Jumanne, 4 Machi

Tai kauliza nina slaidi ngapi. Swali la kijasusi! Nimechukua hatua mara moja.

Hatua ya kwanza: slaidi zote nimezihamishia kwenye kompyuta mpya, kwenye ya zamani nimezifuta. Ile kompyuta kuukuu nimeirudisha stoo, tena kwa mbwembwe.

Hatua ya pili: namba ya siri. Fundi alikuwa amenipa ya tarakimu nne, ya kitoto kabisa. Nimeweka ya tarakimu kumi na mbili, zisizo na maana yoyote. Si siku ya kuzaliwa, si namba ya nyumba. Hakuna binadamu awezaye kuikisia. Sikuiandika popote, maana karatasi zinaokotwa.

Fundi anaanza likizo kesho. Aliuliza kama nataka ahifadhi njia ya akiba ya kuingilia, endapo nitakwama. Nikakataa katakata. Kila siku mchana anakula meza moja na Tai. Mimi si mtoto.

Jumatano, 5 Machi

Nimekuja nayo nyumbani, mama mkwe aione. Yuko kwetu wiki ya pili sasa. Ni muuguzi mstaafu, miaka thelathini na mmoja wodini, na mpaka leo anaamini kazi yangu ni kubeba vitanda. Nikamwamkia, nikamwekea mto mgongoni, nikaifungua mbele yake kwa kidole kimoja.

Hakustuka. Nikamweleza kuwa inamjua mtu kwa uso.

"Hata akinuna?"

"Hata akinuna, mama."

"Basi nijue na mimi."

Ningekataaje? Nikauandikisha uso wake, kwa majaribio tu. Mimi ilinichukua mara tatu. Yeye ilimkubali papo hapo, tena akiwa amenuna. Imeniudhi kidogo.

Alipokwenda kusali, nikaingia kuufuta. Zilikuwepo sura mbili kwenye orodha, ya juu na ya chini, bila picha. Mtu mwenye uzoefu anajua kuwa kitu kipya hukaa juu. Nikafuta ya juu. Kazi safi.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi imenikataa.

Nimejaribu kwa miwani na bila miwani. Nimetabasamu. Nimenuna kama mama mkwe. Nimesogea dirishani kwenye mwanga mzuri. Inasema hainijui! Nikageukia namba ya siri. Tarakimu sita za kwanza zilikuja zenyewe. Sita za mwisho zimekwenda zinakojua. Baada ya kubahatisha mara kadhaa ikaniambia nisubiri saa nzima. Fundi kazima simu. Ndiyo maana ya likizo, nakubali, lakini ni ubinafsi.

Tai akasogea, akasema ana slaidi zake za mwaka jana, za vitanda hivihivi, nikizihitaji. Nikacheka kwa dharau, nikaondoka na kompyuta yangu kwapani.

Nyumbani niliiweka mezani, nikaikodolea macho. Mama mkwe akapita nyuma yangu na kikombe cha chai. Ikafunguka! Nikaruka hadi kiti kikaanguka. Mkombozi kapatikana. Nikakimbilia kuurudisha uso wangu, ikadai kwanza namba ya siri. Nikasimama kuokota kiti, na nilipogeuka ilikuwa imejifunga tena. Hii inajifunga usipoigusa dakika tatu. Kasoro nyingine ndogo.

Nikachukua picha ya harusi yetu ukutani, ile mama mkwe kasimama kushoto, nikaielekeza kwenye kamera. Haidanganyiki. Ningeweza kumwomba aifungue mara moja, nizitume slaidi kwa barua pepe na kesho nitumie kompyuta ya Tai. Bora nife.

Nikamwomba mke wangu aniombee kwa mama yake. Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipopata pumzi alisema, mwambie mwenyewe.

Nikaenda, nikapiga goti. Nikasema kampuni inawaenzi sana wauguzi wastaafu.

"Mkwe wangu," akasema, "kuna nini hasa?"

"Ni uso tu, mama. Dakika chache."

Akaweka kikombe chini. "Miaka yote hiyo nimehitajika kwa mikono yangu. Leo nahitajika kwa sura." Lakini akaenda kutafuta viatu vyake vyeusi, na nikamsikia akivipiga brashi. Kusema kweli nilijisikia vibaya. Kwa muda.

Ijumaa, 7 Machi

Ukumbi wa hospitali. Wajumbe watano, mwenyekiti daktari mwenye sauti ndogo. Mkurugenzi kakaa nyuma na Tai pembeni yake. Nilimtambulisha mama mkwe kama mshauri wetu. Nikamsogezea kompyuta, akaitazama, ikafunguka. Watu wakadhani ni heshima.

Nilianza vizuri mno. Slaidi ya kwanza niliieleza kwa kina, hata ikajifunga. Mama akainama, ikafunguka. Ya pili vilevile. Mara ya nne daktari akauliza kwa nini mshauri anaisujudia mashine. Nikajibu ni utaratibu wa usalama.

Kisha muuguzi mmoja wa kamati akauliza breki za magurudumu zinashikaje kitanda kikiwa kwenye sakafu yenye maji. Nikasema magurudumu yetu ni ya kisasa. Akauliza tena. Nikasema ni ya kisasa sana.

Hapo mama mkwe akainuka. Akaomba kitanda cha mfano kisogezwe mbele. Akakanyaga breki kwa kiatu chake cheusi, akakisukuma kwa nyonga, hakikwenda. Akapandisha godoro mpaka usawa wa kiuno chake, akawauliza nani kati yao amewahi kumgeuza mgonjwa wa kilo tisini peke yake. Wauguzi wawili wakainua mikono. "Mgongo bado unauma?" akawauliza. Wakacheka, mmoja akajifuta macho. Halafu akashika reli ya ubavuni na kutangaza kwamba hii haifai, itabana vidole vya wagonjwa, ibadilishwe!

Reli yetu! Mbele ya wanunuzi! Mtu mwingine ningemkanyaga mguu. Mama mkwe humkanyagi. Nikatazama slaidi. Zilikuwa zimejifunga.

Kamati iliandika kurasa mbili. Wakasema watavichukua vyote mia mbili, reli zikibadilishwa kama mama alivyoelekeza. Mkurugenzi alimshika mama mikono yote miwili. Tai alimbebea mkoba hadi kwenye gari. Akamwita "mama". Mama yangu mkwe!

Jumamosi, 8 Machi

Mkurugenzi kapiga simu asubuhi, akataka kuongea na mama kwanza. Kamwajiri kuwa mshauri, siku mbili kwa wiki. Kompyuta inakwenda kwake, kwa kuwa inamfungukia yeye. Mkuu wa mauzo ni Tai. Eti jana jioni alikuwa tayari karakanani na mafundi, wakishughulikia reli.

Nimeyapima yote kwa utulivu, nikaona nimeshinda. Vitanda mia mbili, na nani alimpeleka mama pale? Mkurugenzi haoni mbali, atakuja kuona.

Chai ya saa nne, mama mkwe alimwambia mke wangu, nami nikiwa mlangoni, kwamba mumeo kichwa chake kina feni nyingi, ila alinipigia goti na hakunidanganya zaidi ya mara moja. Nimelichukulia kama sifa.

Habari kubwa ni nyingine. Wiki ijayo ofisini wanaleta mashine ya mahudhurio, inayosoma kidole kila mtu anapoingia. Wanatafuta msimamizi. Nimejitolea kabla Mkurugenzi hajamaliza sentensi, akaomba nimrudishie mama simu, kwa furaha nadhani. Nitaweka namba ya siri ya tarakimu ishirini. Na kesho baba mkwe anakuja kutusalimia. Ana vidole vipana, vizuri. Nitaanza na chake, kwa majaribio tu.