Wiki ya Farasi Mia Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Filamu imefika. Farasi Mia Tisa! Saa tatu na dakika kumi za makauboi, vumbi na jua likizama. Magazeti yanasema fedha walizotumia kuitengeneza zingejenga daraja na zikabaki za kulipaka rangi. Magazeti hayo hayo yanasema imeanguka kila ilikoonyeshwa. Watazamaji wamegawanyika, kumbi tupu. Wivu! Kitu kikubwa hakieleweki siku ya kwanza. Hata mimi sikueleweka siku ya kwanza.

Shangazi, ambaye ukumbi ni wake na umeneja ni wangu, amekuja asubuhi na pochi yake kwapani. Amesema viti mia na ishirini vimekaa vikitazamana na ukuta tangu mwaka uanze. Jumamosi visipojaa, funguo anampa Shemeji. Shemeji ni mume wa dada yangu. Anauza magodoro duka la pili kutoka hapa, na anataka ukumbi uwe stoo. Stoo! Ukumbi aliojenga marehemu babu, ukuta mweupe wa kuonyeshea filamu alioupaka chokaa kwa mkono wake!

Nimemwambia Shangazi asiwe na wasiwasi. Amejibu kwamba wasiwasi wake ndio mimi. Tumeagana vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Onyesho la kwanza, saa nane mchana. Waliingia kumi na mmoja. Walibaki wanne, mmoja amelala. Mwanzo mzuri!

Waliokuwa macho hawakupatana. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alitoka anatikisa kichwa. Alisema katika muda wote ule zimepigwa risasi mbili, na moja ilikosa. Farasi, alisema, ameigiza kuliko aliyempanda. Mwalimu mstaafu, yule mama aliyefundisha nusu ya mtaa huu kusoma, alitoka anafuta macho. Alisema hajawahi kuona filamu ambayo mwanamume anaruhusiwa kufikiri. Fundi akasema kama ni kufikiri tu, angebaki kibandani afikiri bure. Walibishana pale ngazini mpaka fundi akakumbuka ameacha mteja na kiatu kimoja.

Shemeji alisimama katikati ya ukumbi, midomo inachezacheza. Nikadhani anasali. Kumbe anahesabu magodoro yataingia mangapi.

Nimegundua tatizo. Filamu haina kasoro. Kasoro ni watu kusema wanachofikiri.

Jumatano, 5 Machi

Mkakati! Nimetundika ubao mlangoni: MAONI YA WATAZAMAJI. Maoni saba niliyaandika mwenyewe kabla ya chai. Kila moja na mwandiko wake: mmoja wa kike, mmoja wa daktari, mmoja kwa mkono wa kushoto. "Nime lia kwa furaha." "Nita rudi na familia." "Ina gusa moyo." Kazi safi!

Mwalimu alipita saa nne. Akasimama. Akatoa kalamu nyekundu mkobani (nani hutembea na kalamu nyekundu baada ya kustaafu?) akasahihisha yote saba. Chini akaandika: "Viambishi havitenganishwi na kitenzi. Watu saba, kosa moja, mwandishi mmoja. Rudia kazi." Amenipa mbili kwa kumi. Zile mbili, alinieleza baadaye, ni za juhudi.

Kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa umesoma ubao. Wamecheka hadi kushika mbavu. Lakini wamesoma! Meneja mwingine angevunjika moyo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekaa na kompyuta tangu alfajiri, nimeipunguza filamu. Fundi alilalamikia uhaba wa risasi, na kuna dakika arobaini za kauboi kwenda na farasi bila kusema neno. Nimezikata zote. Ndani yake mlikuwa na kaburi au sijui nini, nalo likaenda. Sasa ni saa mbili na nusu kamili!

Kasoro ndogo tu. Kaka yake kauboi yuko kitandani anaumwa, kufumba na kufumbua kofia yake imevaliwa na mwingine, na hakuna anayeuliza. Walikuja watu ishirini. Fundi alifurahi. Alisema sasa angalau inashangaza. Mwalimu akasimama gizani na kuuliza kaka mtu amekwenda wapi. Nilijibu kutoka nyuma kwamba amesafiri.

Aliniita nje. Alisema nimeng'oa moyo nikaacha mbavu. Ile sehemu kauboi anamzika kaka yake, peke yake, kimya, ndiyo filamu yenyewe. Nimrudishe. Niliona haya, yapata dakika moja hivi.

Mtaani sasa kuna makundi mawili, walioona ndefu na walioona fupi, na salamu zao zimepoa. Shemeji ameleta magodoro thelathini, ameyapanga nyuma ya viti. Anasema anajaribu tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu amekuja na wazo. Kesho tuonyeshe filamu nzima. Anayeipenda akae kulia, asiyeipenda kushoto, halafu yeye na Fundi wajadiliane mbele ya watu. Nimemwambia, kwa heshima zote, kwamba hakuna atakayeacha shughuli zake kuja kusikiliza mstaafu na fundi viatu. Watu wanataka farasi! Ameazima gundi yangu. Kisha akaenda kubandika vitangazo vyake vya kuandika kwa mkono, duka hadi duka. Nilimwonea huruma.

Farasi hakupatikana. Nimepata punda wa muuza maji. Akifunikwa shuka la kahawia, akitazamwa kwa mbali, na mtu mwenye nia njema... Atasimama mbele ya ukuta filamu ikianza. Muuza maji ameniuliza kama nimewahi kuongoza punda. Nimemwambia nimeongoza watu miaka sita.

Jumamosi, 8 Machi

Umejaa! Umefurika! Viti viliisha saa saba na nusu. Waliochelewa wamekalia magodoro ya Shemeji, wawili wawili, na viatu vyao miguuni. Shemeji alikuwa anapita akiinua miguu ya watu mmoja mmoja. Kulia wanaoipenda, kushoto wasioipenda, na wengi wao hawajaiona! Nikajua habari za punda zimeenea.

Punda akafika mlangoni. Nusu ya mbele ikaingia, nusu ya nyuma ikagoma. Nilimvuta. Nilimsukuma. Nilimbembeleza kwa majina ambayo mke wangu hajawahi kuyasikia. Akasimama kama boriti. Filamu ikaanza, mimi niko nje nimeegemea makalio ya punda.

Zilipofika zile dakika arobaini, nikasikia viti vya kushoto vinalia. Watu wanainuka watoke. Watoke wapi? Wakamkuta punda. Wakarudi kukaa. Ndivyo walivyoiona yote.

Nilisogea dirishani. Kauboi alikuwa anachimba. Ukumbi mzima kimya, hata kukohoa hamna, na koleo linasikika likigonga mawe. Filamu ilipokwisha akasimama Fundi. Nilitarajia matusi. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Bado siipendi," alisema. "Ni ndefu, na nguo za wale watu hazichafuki. Lakini mimi nilimzika kaka yangu mwezi wa nane. Tangu siku ile kila mtu ananiambia maneno. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeachwa nikae kimya."

Mwalimu alikuwa na karatasi tatu za hoja. Alizikunja, akazitia mkobani.

"Basi hamia kulia, fundi wangu."

"Hapana, Mwalimu. Nabaki kushoto. Ila nisogezeeni kiti hapo mpakani."

Watu wakacheka, kisha wakaanza kubishana wote kwa pamoja. Shangazi mwenyewe aliinuka kwenye godoro akasema yule kauboi alikosa mtu wa kumwambia ale. Laiti babu angeuona ukumbi ule! Nilipenga kamasi kwenye shuka la kahawia. Vumbi la punda, nadhani.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi ametuita. Shemeji aondoe magodoro yake, ukumbi utabaki ukumbi. Nikasimama kupokea pongezi. Funguo akampa Mwalimu! Mwalimu atachagua filamu na kuongoza mjadala kila Jumamosi. Mimi nitakata tiketi. Mwalimu alinishika mkono, akaniambia kwa upole kwamba mtu mwenye bidii kama yangu, akisikiliza hata nusu ya anavyosema, atafika mbali. Nilimshukuru. Mwisho wa maneno yake sikuupata, nilikuwa nafikiri.

Maana siri nimeijua. Watu hawakuja kwa sababu ya mabishano. Walikuja kuona mnyama, na walibaki kwa sababu mlango uliziba. Hiyo ni sayansi!

Jumamosi ijayo Mwalimu amechagua filamu fupi ya bibi mmoja na bustani yake. Maskini. Nimeshamwandikia msambazaji, kwa jina la Mwalimu ili mambo yaende haraka, alete ile ya manowari. Saa nne na robo, na imeanguka katika nchi nyingi kuliko ya makauboi. Mashua nimeahidiwa. Kilichobaki ni bahari. Bomba la ukumbi ni dogo, lakini nikilifungua Ijumaa asubuhi, kufikia Jumamosi saa nane maji yatakuwa yamefika magotini. Shangazi atafurahi mno. Simwambii mapema.